Kugundua, Kutambua na Kupekua: Teknolojia Nafuu ya Ukaguzi wa Mikoba na Lugha Yake katika Mazingira ya Kalerwe, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mitambo ya kukagua mikoba katika maeneo ya umma inavyofanya kazi, na kwa nini mitambo ya kasi na ya bei nafuu inayobuniwa sasa bado haijakidhi mahitaji ya mahali kama Kalerwe. Hoja inayojengwa ni kwamba vitenzi vitatu vya Kiswahili, gundua, tambua na pekua, vinataja hatua tatu tofauti za kazi hiyo, na kwamba kuvichanganya huwapotosha wanunuzi wa mitambo, walinzi na wenye mikoba. Aidha, makala yanaonyesha kuwa hatua ya pili hukamilishwa kwa mazungumzo, na hivyo lugha itumikayo mlangoni ni sehemu ya teknolojia yenyewe.

1.0 Utangulizi

Usiku wa tarehe 23 Oktoba 2021 bomu lililipuka katika baa ya kuchomea nyama ya nguruwe huko Komamboga, Divisheni ya Kawempe, kaskazini mwa jiji la Kampala. Mtu mmoja aliuawa na wengine wakajeruhiwa. Rais Yoweri Museveni alieleza baadaye kwamba watu watatu walifika wakaacha kifurushi kilichokuwa ndani ya kaveera. Neno hilo la Kiganda, lenye maana ya mfuko wa plastiki, linastahili kuangaliwa. Kaveera ni chombo ambacho kila mnunuzi wa Kampala hukibeba. Hakina kufuli wala zipu, na hakuna anayekishangaa kikiwa chini ya meza.

Kutoka Komamboga hadi Kalerwe ni mwendo wa kilomita chache kwa Barabara ya Gayaza. Kalerwe ni mahali ambapo barabara hiyo hukutana na Barabara ya Kaskazini ya Mchepuko, na soko lake linajulikana kwa bei ya chini ya matoke, nyanya, vitunguu, kabichi, nakati na dodo. Malori hushusha mizigo alfajiri, bodaboda na taksi hugombea nafasi, na wachuuzi hutandaza bidhaa hadi kando ya lami. Soko halina mlango mmoja ambao mtu angeweza kuwekwa kuulinda. Kila mmoja ana mzigo, na mzigo mmoja waweza kubadilisha mikono mara nne kabla ya saa tatu asubuhi.

Ukaguzi wa mikoba uliota mizizi Kampala baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Julai 2010, wakati watu zaidi ya 70 walipouawa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika Klabu ya Raga ya Kyadondo na mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala. Bomu jingine ambalo halikulipuka lilikutwa katika ukumbi wa burudani huko Makindye, likiwa ndani ya mkoba wa kompyuta. Tangu hapo mlinzi anayechungulia mikoba amekuwa sura ya kawaida katika milango ya maduka makubwa, hoteli na nyumba za ibada. Kwa kawaida zana zake ni kifaa cha mkononi kinacholia karibu na chuma na, usiku, tochi. Swali ni je, kuna zana bora ambayo ukumbi mdogo wa Kalerwe ungeweza kuimudu?

2.0 Mtambo huona nini?

Kifaa cha mkononi ndicho rahisi kuliko vyote. Ndani yake kuna koili ya waya inayotoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Uga huo ukifika kwenye metali huamsha mkondo mdogo wa umeme ndani ya metali hiyo, na mkondo huo hurudisha uga wake ambao kifaa hupokea na kulia. Kifaa hakijui kama metali hiyo ni bastola, kijiko au kifungo cha mshipi. Tena, hakiwezi kusema lolote kuhusu kilipuzi kisicho na metali.

Mtambo wa eksirei unaona zaidi. Mitambo ya siku hizi hutumia miale ya viwango viwili vya nishati, na kwa kulinganisha jinsi kila kiwango kinavyofyonzwa, kompyuta hukadiria kitu kimeundwa kwa mata ya aina gani. Skrini huonyesha metali kwa rangi ya buluu, mata zenye asili ya viumbe kwa rangi ya machungwa, na zilizo katikati kwa kijani. Ugumu unaanzia hapo. Vilipuzi vingi huangukia katika rangi ya machungwa, nayo unga, maharagwe, sabuni, samaki wakavu na mkate huwa vivyo hivyo. Mkaguzi wa uwanja wa ndege hutazama mkoba wenye nguo na kompyuta, ambamo kipande cha rangi ya machungwa huonekana peke yake. Mkaguzi wa Kalerwe angetazama gunia ambalo lote ni rangi ya machungwa.

Hatua iliyo juu ya hiyo ni tomografia ya kompyuta, mbinu iliyoanzia hospitalini na kuwaletea Godfrey Hounsfield na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979. Mtambo huupiga mkoba picha kutoka pande nyingi na kuunda umbo lake kamili, hivyo kitu kilichojificha nyuma ya kingine hubainika. Bei yake, hata hivyo, hufika mamia ya maelfu ya dola kwa mtambo mmoja. Uingereza yenyewe, iliyoviwekea viwanja vyake vikubwa vya ndege tarehe ya mwisho ya Juni 2024 kufunga mitambo hiyo, ilishuhudia baadhi yao vikishindwa kuitimiza. Eksirei ya kawaida ni nafuu kuliko hiyo, lakini bado hugharimu makumi ya maelfu ya dola, huhitaji umeme usiokatika ovyo, na nchini Uganda matumizi ya vyanzo vya mionzi husimamiwa na Baraza la Nishati ya Atomiki chini ya sheria ya mwaka 2008. Mwenye kibanda cha kutazamia mpira hawezi kuununua leo na kuuwasha kesho.

3.0 Kasi na hesabu ya foleni

Kibanda cha mpira kinafaa kutumiwa kama mfano, kwa sababu kina mlango mmoja na watu wake hufika kwa pamoja. Tuchukulie kwamba watu 300 wanafika katika dakika 20 za mwisho kabla ya mchezo, na mlinzi anatumia sekunde 15 kwa kila mtu. Kwa dakika moja atapitisha wanne, na kwa dakika 20 atapitisha 80. Waliobaki 220 watakuwa wamesongamana nje, barabarani. Ukaguzi wa polepole, basi, hauondoi hatari. Huihamisha kutoka ndani hadi mlangoni. Mlinzi analijua hilo kwa uzoefu, na ndiyo maana umati ukizidi huacha kuchungulia na kuanza kupapasa tu mikoba kwa juu. Kumlaumu kwa uzembe ni kutoelewa hesabu.

Watafiti wengi wamejaribu kutatua tatizo hili bila eksirei. Kazi moja iliyovutia macho ya wengi ilitolewa mwaka 2018 na kundi lililoongozwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani. Walitumia mawimbi ya kawaida ya Wi-Fi, yale yale yanayobeba intaneti nyumbani, na kifaa chenye antena mbili au tatu. Mawimbi hayo hupenya kitambaa, karatasi na plastiki bila shida, huakisiwa na metali, na hudhoofika yapitapo katika kimiminika. Kwa kupima mabadiliko hayo, kompyuta hukadiria kama mkoba una kitu cha metali au kimiminika, na hata ukubwa wake. Walijaribu vitu vya aina 15 na mikoba ya aina sita. Kwa mabegi ya kawaida ya mgongoni usahihi ulizidi asilimia 95, ukashuka hadi karibu asilimia 90 vitu vilipofungwa ndani ya kitu kingine.

Uzuri wa mbinu hii ni dhahiri. Vifaa vyake vinauzwa madukani, haina mionzi ya kudhuru, na mwenye mkoba haulazimiki kufunguliwa. Lakini mkoba uliojaribiwa Rutgers si kikapu cha Kalerwe. Nyanya ni maji kwa karibu asilimia 95, na mboga za majani hazipungukiwi sana na kiwango hicho. Kwa mawimbi ya Wi-Fi, kaveera ya nyanya na nakati zilizolowa umande ni dumu la kimiminika lenye umbo la ajabu. Mtambo uliofunzwa kushuku kimiminika ungelia kwa kila mama atokaye sokoni. Na kama mtambo ungefunzwa kunyamaza mbele ya nyanya, ungekuwa umefunzwa vilevile kunyamazia dumu lililofukiwa katikati ya nyanya. Hili si kosa la watafiti, waliojaribu mikoba waliyokuwa nayo. Ni kazi ambayo haijafanywa, na mahali pa kuifanyia ni huku kwetu. Maabara ya Kampala yenye vikapu, magunia, makasha ya mbao na makaveera halisi ingekuwa na data ambayo Rutgers haikuwa nayo.

4.0 Vitenzi vitatu

Wakati umefika wa kuangalia maneno. Katika Kiswahili cha kila siku shughuli hii huitwa upekuzi, usachi, ukaguzi au uchunguzi, kana kwamba ni kitu kimoja. Vitenzi vyenyewe havikubaliani na mkanganyo huo. Kupekua ni kazi ya kuku jaani: kutafuta kwa kuvurugavuruga kilichofunikwa. Mtu anayepekuliwa mkoba hubaki na kazi ya kuupanga upya. Kukagua ni kuangalia kwa mamlaka na kwa utaratibu, kama mkaguzi wa shule au wa hesabu, na kwa sababu hiyo linafaa kuwa jina la mchakato mzima. Kusachi, mkopo uliozoeleka Kenya na Tanzania, hubeba zaidi maana ya kupapasa mwili.

Tofauti yenye uzito mkubwa iko kati ya kugundua na kutambua. Mtu hugundua kwamba kuna kitu, hata kama hakijui ni nini. Hutambua kile ambacho tayari ana sura yake akilini. Kifaa cha koili hugundua metali, nacho hakitambui kisu. Mtambo wa Wi-Fi hugundua kimiminika, nao hautambui petroli wala maji ya kunywa. Kwa hiyo neno kitambuzi cha metali, linalotumiwa mara nyingi katika tafsiri, linaahidi zaidi ya kinachotolewa. Kigunduzi cha metali ni jina la kweli zaidi.

Ubishi huu waweza kuonekana wa wanaisimu peke yao, lakini watu wamefungwa jela kwa ajili yake. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimhukumu James McCormick miaka 10 gerezani kwa kuuza kifaa kilichoitwa ADE 651. Alidai kinatambua vilipuzi kwa mbali. Kilikuwa kishikio na antena inayoyumba, bila kitu chochote ndani chenye kufanya kazi, kikiwa kimetokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu kinachouzwa takriban dola 20. Iraki ilikinunua kwa maelfu ya dola kila kimoja na kukiweka katika vituo vya ukaguzi, ambako magari yenye mabomu yalipita. Muuzaji alistahili kuulizwa na kila mnunuzi kwa lugha ya wazi: kinagundua nini, kwa kanuni gani, na nani amekijaribu akiwa amefichwa jibu?

Mfano wa karibuni hauhusu kifaa cha bandia, na kwa sababu hiyo una mafunzo zaidi. Kampuni ya Evolv Technologies ya Marekani huuza malango ambayo mtu hupita na mkoba wake bila kusimama, huku programu ikiamua kama kuna silaha. Mwaka 2024 jiji la New York liliyajaribu katika vituo 20 vya treni za chini ya ardhi. Katika ukaguzi wa watu 2,749 malango yalilia bure mara 118, yalipata visu 12 na hayakupata bastola yoyote. Novemba mwaka huo huo Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilichukua hatua za kisheria dhidi ya kampuni hiyo, ikidai kwamba ilikuwa imetia chumvi uwezo wa programu yake wa kutofautisha silaha na vitu vya kawaida. Lango lilikuwa linagundua. Tangazo lilisema linatambua.

Tukihamishia takwimu hizo kwenye kibanda chetu cha watu 300, milio batili ya asilimia nne hivi ni mikoba 12. Idadi hiyo inabebeka, mradi mlinzi wa pili awe pembeni na foleni isisimame. Kwenye njia ya kuingilia sokoni hali ingekuwa nyingine kabisa, kwa kuwa kisu cha kumenyea matoke, panga la kukatia mkungu na mawe ya mizani ni zana za kazi. Huko mlio si batili. Mtambo umegundua metali kweli. Kilichobaki ni kutambua, na hakuna mtambo wa bei nafuu unaofanya hivyo.

5.0 Lugha ya hatua ya pili

Anayetambua ni mlinzi, na njia yake ya haraka ni kuuliza. Hapa Kiswahili cha Uganda kinaingia mlangoni kikiwa na mzigo wake chenyewe. Kwa Waganda wengi lugha hii iliwafikia kupitia kambi za jeshi, tangu enzi za King's African Rifles. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 maneno panda gari yaligeuka kuwa jina la misako ya kijeshi ambamo watu walizolewa mitaani Kampala, na wazee wa Kawempe hawahitaji kufasiriwa maana yake. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza. Hadhi ya kisheria imepanda upesi kuliko kumbukumbu inavyofutika.

Kwa sababu hiyo amri fupi kama "Fungua!" au "Leta mkoba!" haisikiki Kalerwe kama inavyosikika Tanga. Sarufi ya Kiswahili inampa mlinzi njia nyingine. Hali tegemezi ya kitenzi, ikitanguliwa na ombi na neno la heshima, huondoa sauti ya kambini bila kupunguza uwazi. Kiganda nacho kina desturi hiyo hiyo: "Nnyabo, nsaba okulaba mu nsawo," yaani, mama, naomba kuona ndani ya mkoba. Mlinzi anayetoka nje ya Buganda angeweza kufundishwa sentensi chache za lugha zote mbili kwa asubuhi moja.

Mpangilio wa mazungumzo unaweza kufuata kile ambacho mtambo umepima. Tuseme kifaa kimeonyesha metali yenye urefu wa takriban sentimita 20:

"Mama, samahani. Mashine inaonyesha kuna chuma kirefu kwenye kikapu. Ni nini hicho?"

"Ni kisu changu cha kumenyea matoke, mwanangu."

"Naomba ukitoe wewe mwenyewe, kisha tupitishe kikapu tena."

Mama anakitoa kisu, kikapu kinapita mara ya pili, mtambo unanyamaza. Hakuna mkono wa mgeni ulioingia kikapuni. Ifahamike kwamba jibu la mama halichukuliwi kuwa ushahidi, maana mwenye nia mbaya naye anajua kujibu. Ushahidi ni ukimya wa mtambo baada ya kitu kilichotajwa kutolewa, na ukimya huo ni wa metali tu. Kilipuzi kisicho na metali kingepita hapo vilevile. Mtambo ukiendelea kulia, hapo ndipo upekuzi unapoanza, nao ufanywe pembeni na, kwa mwanamke, mlinzi awe mwanamke. Utaratibu huu unapunguza idadi ya mikoba inayofunguliwa, na ndiyo kasi inayotafutwa. Gharama yake ni mafunzo.

Wabunifu wa mitambo nao wana wajibu. Vifaa vingi huwasilisha matokeo kwa taa nyekundu au mlio peke yake, na mlinzi huachwa abuni maneno. Kifaa kinachotamka "chuma, upande wa chini" au "kimiminika, katikati" kingempa swali la kuuliza. Maneno hayo ni machache mno, hayazidi ishirini, na yanaweza kurekodiwa kwa Kiswahili na Kiganda. Hayapaswi kusema "hatari", "bomu" wala "silaha", kwa kuwa kifaa hakijatambua chochote kati ya hivyo.

6.0 Mahali pasipo na mlango

Yote yaliyoelezwa yanadhani kuna mlango. Soko lenyewe la Kalerwe halina, na kaveera ya Komamboga haikuhitaji kupita penye mtambo wowote. Iliachwa chini ya meza. Kwa mahali pa namna hiyo swali la kwanza haliwi ni nini kilichomo ndani, bali mzigo huu ni wa nani: "Ensawo eno y'ani?"

Kwa mpita njia, Kalerwe ni magunia yaliyotupwa kiholela. Kwa mchuuzi aliyekaa sehemu moja kwa miaka, kila gunia lina mwenyewe, na lile lisilo na mwenyewe hulionekania kama jiwe kwenye wali. Maarifa hayo yanagundua mzigo mgeni mapema kuliko kamera. Yanachokosa ni njia ya kupokelewa: mchuuzi amwambie nani, kwa lugha ipi, na atauliziwa nini akishasema? Anayehofu kwamba mtoa taarifa ndiye atakayewekwa ndani kwanza atausogeza mzigo huo kwa mguu wake mbali na meza yake, jambo la hatari kuliko yote.

Ujumbe unaohitajika hapo ni wa vitenzi vitatu tu, navyo vinafaa kuandikwa kwa Kiganda na Kiswahili kwenye nguzo na milango ya maduka kando ya barabara: usiuguse, sogea, mwambie. Baada ya kitenzi cha tatu lazima pawe na jina la ofisi iliyo karibu, na ofisi hiyo iwe na mtu atakayeanza kwa kusema asante kabla ya kuuliza jina la mtoa habari.